Somo: Kuchagua matairi yanayobana mafuta kwa gari dogo la Dar

Wadau, salaam. Swali la kama tairi linaweza kupunguza ulaji wa mafuta linarudi kila EWURA wanapotangaza bei mpya. Jibu ni ndiyo, linaweza, ila kwa kiasi kidogo kuliko utakachoambiwa dukani Kariakoo. Na tairi linalobana mafuta lakini linateleza kwenye lami iliyolowa halifai kabisa kwa mji wenye masika kama ya kwetu. Hilo naomba mlishike kuliko yote.

Tairi likiviringika, sehemu inayogusa barabara inabonyea kisha inarudi. Mpira haurudishi nguvu yote uliyoipokea, nyingine inageuka joto. Gusa tairi ukifika kutoka Kibaha, utaona lilivyo moto. Joto hilo umelilipia kwa petroli. Kwa gari dogo karibu moja ya tano ya mafuta huishia hapo. Mwaka 1992 Michelin walitoa tairi ambalo sehemu ya masizi kwenye mpira ilibadilishwa kwa silika (unga wa madini ya mchanga), mpira ukawa unapoteza nguvu kidogo bila kupungua kushika maji. Leo kampuni nyingi kubwa zina aina yao: Ecopia ya Bridgestone, Enasave ya Dunlop, BluEarth ya Yokohama.

Hatua ya 1: Anza na upepo

Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko cha upepo wa matairi kwenye nguzo. Magari ya Japani huandika kPa: 220 ni kama psi 32, 230 ni psi 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi lenye moto linasoma juu. Nunua geji yako mwenyewe, kwa sababu geji inayoangushwa chini kutwa nzima kwa fundi pancha haiaminiki. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji kwa asilimia 0.2 hivi. Ukitembea na 24 badala ya 32, unapoteza kama asilimia 1.6. Irudishe hiyo kwanza, haina gharama.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako

Tuseme unatembea kilomita 20,000 kwa mwaka, gari linakwenda kilomita 12 kwa lita, na lita tuiweke shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi. Unachoma lita 1,670 hivi, yaani kama milioni tano. Ukiokoa asilimia 3, ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Matairi yakikaa miaka mitatu ni 450,000. Kama tofauti ya bei kwa yote manne inazidi hapo, achana nayo. Mwenye gari la kwenda kanisani na sokoni tu asijisumbue.

Hatua ya 3: Saizi

Fuata ya kiwandani. 185/65R15 88H maana yake upana milimita 185, rimu ya inchi 15, na 88 ni mzigo wa kilo 560 kwa kila tairi. Namba ya mzigo usiishushe. Rimu kubwa na tairi pana huongeza uzito, na mara nyingi mafuta pia.

Hatua ya 4: Soma lebo, herufi zote mbili

Neno "Eco" ubavuni mwa tairi si kipimo. Kipimo kiko kwenye lebo ya karatasi. Ya Ulaya, iliyoanza 2012 na kubadilishwa 2021, ina picha mbili kubwa: pampu ya mafuta, na tairi chini ya wingu la mvua. Kila moja ina daraja kuanzia A hadi E. Ya Japani, ya tangu 2010, huandika mafuta kwa AAA, AA, A, B, C, na maji kwa herufi ndogo a hadi d.

Wengi hutazama pampu wakaliacha wingu. Kwa lebo ya kwanza ya Ulaya, iliyokuwa na madaraja yanayovuka E, tofauti kati ya tairi la daraja la A na la F kwenye maji ilifika mita 18 za kusimama ukitoka kasi ya 80. Hizo ni zaidi ya Toyota IST nne zilizopangwa mstari mmoja. Fikiria ni Aprili, unashuka Jangwani, na daladala mbele yako imesimama ghafla kushusha abiria. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua A au B kwenye maji kwanza, halafu ndani ya hayo utafute linalobana mafuta zaidi. Tairi la A kwenye mafuta na D kwenye maji mwachie mwenye duka.

Lebo ikiwa imebanduliwa, tafuta jina kamili la tairi na saizi yake kwenye kanzidata ya EPREL ya Umoja wa Ulaya kwa simu yako. Angalia saizi ileile, maana jina moja hupewa madaraja tofauti kwa saizi tofauti.

Hatua ya 5: Tarehe, kisha alaimenti

Tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Lililoanikwa juani mbele ya duka lipite. Ukishafunga, fanya balansi na alaimenti siku hiyohiyo. Tairi linalokokotwa upande halibani chochote.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi ni dereva wa teksi ya mtandao, kutwa foleni za Mwenge na Ubungo. Nitaona tofauti?*

Ndogo, ndugu. Gari likisimama na AC inawaka, tairi halina la kufanya. Ila kwa kuwa unatembea kilomita nyingi kwa mwaka, hata asilimia 2 ni hela. Upepo uwe unapima kila wiki.

*Kaka, nimefunga mapya na mafuta yamepanda badala ya kushuka. Nimepigwa?*

Si lazima. Tairi kipara lina mpira mwembamba wa kubonyea, kwa hiyo huviringika kirahisi kuliko jipya la aina ileile. Pia jipya ni kubwa kidogo, dashibodi inahesabu kilomita pungufu. Usirudie vipara kwa sababu hiyo.

*Ya mtumba kutoka Japani si ni bora na bei nafuu?*

Tazama ubavuni. Ukiona STUDLESS au alama ya theluji, ni ya baridi: mpira wake laini huisha haraka kwenye joto la Dar. Na umri wake usome kwenye DOT kabla ya kutoa hela.

*Shikamoo mwalimu. Naitrojeni inabana mafuta?*

Marahaba. Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Kinachobana ni psi sahihi.

*Nikiwa na hela ya mawili tu, nifunge mbele?*

Hapana dada, funga nyuma, hata kama gari linavutwa na mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari linazunguka, na kulirudisha ni kazi ngumu. Mawili hayo yawe ya aina moja, na ya mbele yakibaki na chini ya milimita 3 za kina cha mifereji kabla ya masika, anza kuweka akiba ya mengine mawili.