SOMO: Kuingia intaneti kwa kompyuta ya zamani (RAM isiyozidi GB 2) bila kuganda

Swali ni lile lile kila wiki: "Mkuu, mashine yangu ya kizamani inaganda nikiingia mtandaoni, nipige Windows gani?" Hakuna Windows ya kupiga. XP iliachwa 2014, Windows 7 ikaachwa Januari 2020, na Chrome iliyokubali 7 kwa mara ya mwisho ni toleo la 109. Naandika hapa mara moja, wengine nitakuwa nawaelekeza huku.

1. Angalia RAM. Ikiwa GB 4 kwenda juu, somo hili si lako. Pengine kinachokuchelewesha ni diski.

2. Angalia prosesa. Core Duo ni ya biti 32, Core 2 Duo ni ya biti 64. Hiyo "2" isikupite.

3. Pakua antiX, mfumo mwepesi wa Linux utakaokaa mahali pa Windows, ya biti zinazolingana. Faili limezidi GB 1, subiri bando la usiku.

4. Liandike kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia mashine. Vilivyomo kwenye flashi vitafutika.

5. Washa mashine kwa flashi hiyo. Jina la kuingilia ni demo, nywila demo. Jaribu Wi-Fi, sauti na kibodi kabla ya kusakinisha chochote.

6. Kusakinisha. Hapa soma mara mbili. Utaulizwa diski ipi itumike, na majina utakayoona ni sda, sdb na kuendelea. Usikariri kwamba sda ndiyo diski ya ndani. Kuna mashine huipa flashi jina hilo. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, kisha tazama UKUBWA: diski ya GB 160 haitajifanya GB 8. Chomoa flashi na diski za nje zisizohusika. Na tafadhali, mafaili yako usiyahamishie "D" kama mafundi wanavyowafundisha. C na D ni vyumba vya nyumba moja. Ukichagua kutumia diski nzima, nyumba yote inavunjwa. Nimeletewa mashine za aina hiyo, picha za harusi zimekwenda, na mtu ananiambia "lakini nilizihifadhi D". Nakili kwenye diski NYINGINE, ifungue ujiridhishe picha zinaonekana, ndipo uendelee. Chaja iwe imechomekwa muda wote, betri za umri huo haziaminiki.

7. Brauza. Chini ya GB 1 tumia Dillo au NetSurf. Dillo haiendeshi JavaScript (msimbo unaoendesha kurasa nyingi za kisasa) kabisa, kwa hiyo Wikipedia na kurasa za kusoma zitafunguka, Facebook hapana. Kati ya GB 1 na 2, Firefox ESR (toleo la Firefox lisilobadilika-badilika) yenye uBlock Origin, nyongeza ya kuzuia matangazo, kurasa mbili tatu basi. Ndani ya uBlock kuna sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi KB utakazotaja. Iwashe, bando litakushukuru.

MASWALI

Mgeni: Somo zuri mkuu. Sasa mimi nipige Windows gani?
Jibu: Rudi aya ya kwanza.

Kijana wa chuo: Dillo yako haifungui WhatsApp, umetupotezea muda.
Jibu: Hatua ya 7 umeisoma au umeiruka? WhatsApp ya kwenye kompyuta haiendi bila JavaScript.

Mwalimu: Yangu ikizimwa, tarehe inarudi 2005, na karibu kila tovuti inasema muunganisho si salama. Saa inahusikaje na usalama?
Jibu: Swali zuri hili. Kila tovuti ya https ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine iliyo 2005 inaona cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Tovuti za http tupu hazina cheti, ndiyo maana chache zinapita. Badilisha betri ya duara, CR2032, iliyo kwenye ubao mkuu. Na ukiona XP yenye saa sahihi nayo inakataa, huenda ni vyeti vikuu vya kale, vile vilivyomo kwenye mashine vya kuthibitishia vyeti vya tovuti: kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha 30 Septemba 2021.

Mwalimu: Asante sana. Na video za YouTube?
Jibu: Weka nyongeza ya h264ify kwenye Firefox. Bila hiyo YouTube hukuletea video za muundo wa VP9 au AV1, ambazo mashine hizi huzifungua kwa nguvu ya prosesa peke yake. Au pakua ya 360p kwa yt-dlp (programu ya kupakua video), uitazame kwa mpv (programu ya kuchezea video). Hakikisha yt-dlp ni mpya, ya zamani hukataa.

Mwenye steshenari: Mimi dukani nimeweka Claws Mail, programu ya barua pepe. Mteja anatuma faili la kuchapa, nalipokea bila kufungua brauza kabisa.
Jibu: Hiyo safi, sikuifikiria. Wenye Gmail wawashe kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha watengeneze nywila ya programu, yaani nywila ya pekee ya kuitumia humo. Ile ya kawaida itakataliwa.