Kurekebisha breki ya kuegeshea iliyolika kwenye trekta dogo la kukatia nyasi

Breki ya kuegeshea ya trekta dogo la kukatia nyasi huchoka bila dereva kujua. Sababu ni kwamba mashine nyingi za sasa huendeshwa kwa haidroli, yaani kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, na mguu ukiachia pedali ya mwendo mashine hujipunguza mwendo yenyewe, hata breki isiguswe kutwa nzima. Ubovu hujulikana siku dereva anaposhuka kwenye mteremko kwenda kuokota jiwe au kufungua geti, kisha akisikia nyasi zinakwaruzwa nyuma yake. Injini ikishazimwa, haidroli hairuhusiwi kuhesabiwa kuwa breki, kwa maana mafuta hupenya polepole ndani ya pampu na mashine ikaanza kuserereka. Kinachoishika hapo ni diski moja ndogo na pedi mbili.

Kabla ya kufungua chochote, ipime. Egesha mashine juu ya saruji kavu iliyo tambarare, kanyaga pedali ya breki hadi mwisho, funga kishikio cha kuegeshea, na uzime injini. Kisha weka gia huru, au kwa mashine ya haidroli vuta ule wenzo mdogo wa nyuma unaoachilia magurudumu ili mashine iweze kusukumwa kwa mkono. Sasa isukume mbele. Breki ikiwa nzima, magurudumu ya nyuma hujifunga na kuburuzika juu ya saruji. Yakizunguka, kazi ipo. Kipimo hiki hakifai kufanywa kwenye mteremko, kwa sababu wenzo ukishavutwa hakuna kingine kinachoishika mashine ila hiyo breki unayoishuku.

Wengi wakishaona magurudumu yanazunguka hukimbilia nati ya kurekebishia iliyo kwenye mkono wa breki, nao huikaza mpaka mashine ishike. Nati hiyo ina kazi yake, lakini haiongezi unene wa pedi wala haizibi tundu lililopanuka. Niliwahi kuletewa mashine ya shule ya bweni ambayo nati yake ilikuwa imekazwa hadi mwisho wa uzi wake, na diski imegeuka rangi ya buluu kwa joto kwa sababu pedi zilikuwa zinaigusa muda wote wa kukata nyasi. Pedi zenyewe bado zilikuwa na unene wa kutosha. Kosa lilikuwa kwenye tundu ambamo fimbo ya breki hupita: lilikwisha kuwa na umbo la yai, kiasi kwamba nusu ya mkanyago wa pedali iliishia kwenye uwazi huo bila kufika kwenye giaboksi.

Kwa hiyo anza mbele, ufuate nguvu ya mguu inavyosafiri kwenda nyuma. Mweke msaidizi kwenye kiti akanyage na kuachia taratibu huku injini imezimwa na wewe umelala kando ukitazama kwa tochi. Angalia kama kila kiungo kinaanza kutembea mara tu kinachokitangulia kinapotembea. Tazama pini za viungo, matundu yake, springi ya fimbo, na hasa meno ya kishikio cha kuegeshea, ambayo yakishalika na kuwa ya mviringo huachia kwa mtikisiko mdogo hata kama breki yenyewe ni imara. Tundu lililopanuka hujazwa kwa kuchomelewa na kutobolewa upya, au kipande chote kikabadilishwa. Kulizungushia waya ni kuahirisha tatizo tu.

Ikiwa viungo ni vizima, au umeshavitengeneza na mashine bado inateleza, ndipo uingie kwenye breki. Hakikisha kwanza kwamba breki ya mashine yako inafikika kwa nje. Baadhi ya giaboksi za haidroli zina breki ya ndani iliyozama kwenye mafuta, na hizo haziguswi ila giaboksi nzima ifunguliwe mezani. Kwa hizo utarekebisha fimbo peke yake. Nyingine nyingi zina kalipa ndogo, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, iliyofungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa giaboksi, karibu na gurudumu moja la nyuma, na ndizo ninazozungumzia.

Chomoa waya wa plagi ya injini, ondoa waya hasi wa betri, na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua upande wa nyuma kwa jeki kisha ushushe uzito juu ya stendi imara. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kufanyia kazi chini yake. Toa kofia ya plastiki ya gurudumu, klipu na washa (pete bapa ya chuma), ukizipanga chini kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Vuta gurudumu polepole, kwa kuwa kwenye ekseli nyingi kuna kipande kidogo cha chuma chenye pembe nne kinachofunga gurudumu na ekseli, nacho hudondoka kwenye nyasi bila sauti na kukupotezea saa nzima. Natandika gunia chini kwa ajili yake tu. Piga picha ya springi kwa simu kabla ya kuzing'oa, maana ndoano ikirudishwa kwenye tundu la jirani breki hubaki imeshika au haishiki kabisa.

Legeza nati ya kurekebishia, achanisha fimbo, kisha fungua bolti mbili za kalipa. Kalipa itatoka pamoja na pedi ya nje, bamba jembamba la chuma lililo nyuma yake na vipini viwili vifupi vinavyosukumwa na mkono wa breki. Vipini hivyo huteleza na kuanguka, kwa hiyo ishike kalipa ikiwa imelala. Diski nayo huvutwa kwenye meno ya shafti, na nyuma yake kuna pedi ya pili iliyokaa kwenye kitundu chake ubavuni mwa giaboksi. Pedi hiyo ya ndani husahaulika mara nyingi; nimeona mashine iliyobadilishwa ya nje peke yake ikarudi baada ya muda mfupi.

Usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukitupe. Pedi ikiwa imelowa mafuta, itupe pia, kwani petroli haiyatoi mafuta yaliyokwisha kuzama ndani yake, na kabla ya kufunga mpya tafuta yanakotoka: mara nyingi ni sili ya shafti (pete inayozuia mafuta kuvuja) iliyokufa, nayo italowesha pedi mpya vilevile. Pedi kavu iliyong'aa kama kioo lakini bado nene inaweza kusuguliwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo au bamba lililonyooka, mpaka uso wake upoteze mng'aro. Diski iliyopinda au yenye mikwaruzo inayokwamisha ukucha ibadilishwe. Ikiwa ina kutu tu, isugue kwa msasa kisha uhakikishe inateleza kwenye meno ya shafti bila kukwama, kwa sababu diski isiyoteleza hushikwa na pedi moja na kuachwa na nyingine.

Pedi za asili hazipatikani kila duka, na mafundi wanaobandika upya lainingi za breki na klachi za magari wanaweza kukusaidia. Sioni ubaya wa hilo, mradi unene ulingane na wa pedi mpya, kwani mkono wa breki hizi husukuma kwa umbali mdogo sana. Pedi nene kupita kiasi itaburuza, na nyembamba haitafikiwa.

Rudisha pedi ya ndani, diski, kisha kalipa pamoja na bamba na vipini vyake. Bolti huingia kwenye alumini laini, hivyo zianzishe kwa vidole na umalizie kwa spana fupi. Usipake grisi popote karibu na diski; tone moja kwenye egemeo la mkono wa breki linatosha.

Sasa ndiyo zamu ya nati. Fungua kishikio cha kuegeshea, pedali ikiwa juu kabisa, na upitishe fila, yaani kibamba chembamba cha kupimia nafasi, kati ya diski na pedi ya nje. Nafasi inayotakiwa kwa breki nyingi za aina hii ni milimita 0.25 hadi 0.40, na kitabu cha mashine yako kikitaja nyingine, kifuate hicho. Kaza nati mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kisha zungusha ekseli kwa mkono kuhakikisha hakuna kinachoburuza. Kama nati ina tundu la pini, weka pini mpya na uikunje miguu.

Rudisha fimbo, springi na gurudumu, usisahau kile kipande cha pembe nne, kisha rudia kipimo cha kusukuma. Kikifaulu, endesha taratibu mahali tambarare na ukanyage breki mara tano au sita ili pedi zikae vizuri kwenye diski. Ndipo ujaribu kwenye mteremko mdogo, mashine ikitazama juu na kisha ikitazama chini, pasiwe na mtu aliyesimama upande wa chini.

Lipo jambo la swichi. Mashine nyingi haziwaki mpaka pedali ya breki ikanyagwe, na huzimika dereva anaponyanyuka kwenye kiti bila kuweka breki. Baada ya kurekebisha fimbo, pedali inaweza isifike kwenye swichi yake tena na injini ikagoma kuwaka. Sogeza kishikilio cha swichi mpaka kiguswe. Ukikuta kuna waya uliounganishwa kuipita swichi hiyo, utoe, hata kama mwenye mashine atalalamika kwamba aliulipia. Baada ya saa chache za kazi, pitisha fila tena, kwa kuwa pedi mpya hukaa kidogo na nafasi huongezeka.