Harusi ya familia ndani ya mashua ya tanga, Bukavu: namna ninavyoipanga

Wanaonipigia simu kuhusu harusi ya ziwani huanza na maua, rangi ya vitenge na droni ya kupiga picha. Mimi huwarudisha kwenye namba moja: mashua inabeba watu wangapi? Namba hiyo ndiyo itakayowaamulia chakula, saa, nyimbo, na hata nani atanuna. Ninayoeleza hapa ni ya mashua ya tanga yenye injini ndogo, ya kubeba watu kama ishirini, kwenye ghuba ya Bukavu, Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Wageni mia mbili wa ukumbini wanabaki ukumbini.

Hatua ya 1: Malizeni nchi kavu yote ya nchi kavu

Filamu zimewadanganya wengi kwamba nahodha anaweza kufungisha ndoa. Kwetu hawezi. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa inayofungwa kifamilia kisha kuandikishwa, na ndoa inayofungwa mbele ya afisa wa serikali. Inataka familia zikubaliane juu ya mahari, na wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Basi mahari nyumbani, saini komine (ofisi ya serikali ya sehemu yenu ya mji), iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, kisha ndipo mje kwangu. Wakatoliki waongee na padri mapema: kwa kawaida atataka sakramenti ifungiwe kanisani, na mtakachofanya majini kitakuwa baraka tu. Si kitu. Pete, maombi na maneno ya wazazi vinatosha kujaza saa nzima.

Karatasi nyingine ni ruhusa ya kutoka bandarini. Nendeni na majina ya abiria yote, si idadi peke yake, na mwende siku kadhaa kabla. Asubuhi ya harusi si wakati wa kubembeleza ofisi.

Hatua ya 2: Orodha ya watu

Kazi yenyewe iko hapa. Kwanza toa wasioweza kubaki: nahodha, msaidizi wake, mchungaji, mpiga picha mmoja. Kisha maharusi na wasimamizi wao. Nafasi zinazobaki zigawe katikati, nusu kwa nusu, hata kama upande mmoja ndio unaolipa. Usiandike majina wewe. Mwachie shangazi wa bibi harusi na baba mdogo wa bwana harusi wakae meza moja, waandike, watie saini. Na yawe majina kamili. Ukikubali neno “wazee wa familia” kwenye karatasi, hao wazee watazaa kabla ya Jumamosi. Mtoto wa mgongoni anahesabiwa.

Hata hivyo, baba mkubwa mmoja atatokea bandarini amevaa suti. “Mwanangu, mahari nilipokea mimi. Leo nibaki huku na mbuzi?” Ukianza kubishana naye umeshindwa. Dawa yake inatayarishwa wiki moja kabla: gawa heshima za nchi kavu kama unavyogawa nafasi za mashua. Nani atawapokea maharusi wakishuka? Nani atasema kwa niaba ya ukoo? Nani atafungua meza? Mzee mwenye kazi ufukweni hanuni sana. Anayenuna ni yule aliyepewa kiti tu. Kwa maoni yangu, kupokea maharusi gatini ni heshima kubwa kuliko kukaa kwenye ubao mgumu ukishika kofia, na huwa nawaambia wazee hivyo bila haya.

Sababu ya ukali huu kila mtu wa Kivu anaijua. Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama likiwa linakaribia bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakiona. Lilikuwa limejaza kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Familia ikikuambia “tuongeze wawili tu, hawana uzito,” kataa ukiwa umesimama mlangoni pa mashua, si ukiwa umeshang'oa nanga.

Hatua ya 3: Msimu na saa

Ndugu wa nje huja likizo Julai na Agosti, kwa hiyo kila mtu anataka harusi ya kiangazi. Mvua haipo, kweli, lakini miezi hiyo ndiyo upepo wa kusini unapopata nguvu ziwani, na mchana mawimbi huamka. Kuanzia Septemba hadi Mei asubuhi nyingi maji hutulia, ila dhoruba ya alasiri haibishi hodi. Milima hii ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na katikati ya maji mlingoti wako ndio kitu kirefu kuliko vyote. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, hamwondoki.

Kwa misimu yote miwili jibu langu ni moja: ondokeni saa tatu asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Najua mnataka picha za machweo. Hapa jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Sitaki kumshusha koko (bibi) wa mtu gizani. Rudini jioni, nyinyi wawili na mpiga picha, mashua ikiwa imefungwa kamba gatini.

Hatua ya 4: Njia na nanga

Ghuba yetu imekingwa na rasi za mji, na hiyo ndiyo bahati ya Bukavu. Lakini mpaka wa Rwanda uko karibu sana, na tanga haliendi njia iliyonyooka. Ukienda mbishombisho, yaani kwa kupinda huku na huku, dhidi ya upepo unajikuta upande wa wenyewe bila kukusudia, na doria hazina habari na harusi yako. Kwa hiyo kwenda twende kwa injini, tukikaa upande wetu. Mdomo wa Ruzizi tuuache mbali kabisa: maji ya ziwa lote yanatokea pale.

Mahali pa kutia nanga pachagueni siku moja kabla, kwa kamba yenye jiwe ya kupimia kina. Kivu ina kina kinachofika karibu mita 480, na kando nyingi hushuka ghafla. Unaweza kuwa karibu na mwamba na nanga bado inaning'inia. Tafuta kijighuba chenye mita nane hadi kumi, na utoe kamba mara tano ya kina hicho.

Walio Goma wana jambo la ziada. Ufukwe wa kaskazini kuelekea Sake una mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikajaa mabondeni. Msiweke jiko wala watoto kwenye shimo lenye kivuli, hata likipendeza vipi. Methani, gesi inayowaka ambayo wageni wa nje huiuliza, iko kwenye maji ya chini sana. Hiyo si ya kuivurugia harusi.

Hatua ya 5: Kuwakalisha

Familia mbili, pande mbili? Inapendeza kwa macho, lakini angalia uzito. Kama wajomba wa upande mmoja ni wanene, hamisha wawili kabla ya kuondoka na useme ni amri ya nahodha. Kreti za vinywaji zikae chini katikati, zimefungwa. Kisha tangaza mapema: ikipita mitumbwi ya wavuvi wa sambaza (dagaa wa Kivu) wakipiga vigelegele, hakuna wa kusimama. Watu wote wakikimbilia upande mmoja na simu zao, mashua inalala.

Jileti, yaani jaketi la kuokoa maisha, anavaa kila mtu, juu ya kitenge, tangu gatini. Akina mama watalalamika kwamba zinaharibu picha; tafuta zote za rangi moja, malalamiko yatapungua. Gauni lisiwe na mkia mrefu, kwa sababu kitambaa kikilowa ni mzigo. Viatu vya kisigino vibaki kwenye kapu ufukweni. Wanaosikia kichefuchefu wakae katikati, watazame milima, wanywe chai ya tangawizi.

Choo hakuna. Waambie wote, mara mbili, kabla ya kupanda.

Hatua ya 6: Baraka na tanga

Baraka ifanyike mkiwa mmetia nanga, tanga limekunjwa, na boriti ya tanga kubwa (mti unaoshika tanga kwa chini) imefungwa kabisa. Mchungaji asimame upande upepo unakotoka, ili sauti yake ipelekwe kwa watu. Pete zifungwe kwa uzi kwenye kitambaa hadi dakika ya mwisho. Kwaya ni waimbaji watatu, bila spika.

Tanga tunapandisha wakati wa kurudi, injini ikizimwa, na hapo ndipo vigelegele. Mimi hupandisha tanga dogo la mbele peke yake. Halina boriti, kwa hiyo upepo ukigeuka ghafla hakuna kitakachopita juu ya vichwa vya wageni. Mwendo unakuwa wa polepole, na huo ndio unaotakiwa.

Hatua ya 7: Chakula na kushuka

Makaa na jiko ni marufuku ndani. Leteni vya kushika kwa mkono: sambaza za kukaanga, makemba (ndizi za kupika), maji, soda. Sombe (kisamvu) na bia vinawasubiri nchi kavu.

Mkibakiza nusu saa kufika, pigieni simu kamati ya ufukweni ili ngoma na baba mkubwa wawe tayari gatini. Wazee washuke kwanza, mmoja mmoja, msaidizi akishika mkono, wengine wakiwa wamekaa. Maharusi wa mwisho. Hesabu vichwa kwa orodha ileile yenye saini, kisha walipe mabaharia hapohapo, kabla muziki haujaanza na mwenye bahasha hajapotea.