Farasi Wako Ameshindwa: Jinsi ya Kujadili Uwezo Wake Halisi Bila Kujidanganya

Farasi aliyetazamiwa kushinda akimaliza wa tano, kambi mbili hujitokeza hata kabla hajavuliwa tandiko. Kambi ya kwanza inasema alikwezwa bure tangu mwanzo. Ya pili ina visingizio mkononi: ardhi ilikuwa mbaya, mpandaji alizubaa, lango lilikuwa la nje. Kazi yangu ni kuwachambulia mbio wamiliki na wakufunzi, na aghalabu naitwa ubishi ukiwa umeshapamba moto. Utaratibu ninaoufuata ni huu hapa. Sehemu watu wasiyoipenda ni hatua ya tano, maana pale mbio alizoshinda nazo zinapekuliwa kwa ukali uleule.

Hatua ya 1: Kila mtu aandike alichotarajia

Fanyeni hivi kabla ya kurudia video. Kila mmoja aandike alidhani farasi atamaliza wa ngapi, atawapita akina nani, na kwa nini. Mkishatazama video kumbukumbu hugeuka, na yule aliyekuwa akimpigia debe jana utamsikia akisema alikuwa na wasiwasi siku zote.

Hatua hii peke yake humaliza kesi nyingi. Farasi ambaye mlimpa nafasi ya nusu kwa nusu atashindwa mara moja katika kila mbili akiwa mzima kabisa, bila mtu yeyote kukosea. Na aliyemaliza wa pili nyuma ya mshindani mliyekuwa mkimhofia hajawaangusha.

Hatua ya 2: Mwili kabla ya maneno

Daktari wa mifugo aitwe siku ileile. Kuna ushahidi unaopotea haraka, na wiki ikipita mtabaki kubahatisha.

Koo na mapafu ndiyo ya kuanza nayo. Farasi hupumua kwa pua tu, na akiwa kasi ya juu huvuta pumzi moja kwa kila hatua ya mruko. Kwa hiyo kizuizi kidogo kooni kinamkata nguvu papo hapo. Mpandaji akisema farasi alikuwa anakwenda vizuri, kisha akatoa mkoromo na kusimama kana kwamba amegonga ukuta, shuku kaakaa laini limehama mahali pake. Akisema alisikia mluzi kila farasi alipovuta pumzi, shuku zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, lililopooza upande mmoja. Damu kwenye njia ya hewa hutafutwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, na wakati mzuri ni kati ya dakika 30 na 90 baada ya mbio.

Moyo nao usikilizwe mapema. Mapigo yanaweza kwenda ovyo wakati wa mbio, yakarudi sawa yenyewe ndani ya saa 24, na daktari wa kesho akasema hakuna kitu. Kesho yake chukueni damu kupima vimeng'enya vya misuli, kisha mkimbizeni taratibu kwenye sakafu ngumu muone kama anachechemea.

Mfano unaopendwa ni wa Secretariat, farasi wa mbio wa Marekani. Aprili 1973 alimaliza wa tatu katika mbio za Wood Memorial, akiwa na jipu mdomoni. Wiki mbili baadaye alishinda Kentucky Derby kwa rekodi ya dakika 1 na sekunde 59 na ushei, na Juni akashinda mbio za Belmont kwa urefu wa farasi 31 (pengo mbioni hupimwa kwa urefu wa mwili wa farasi). Lakini msiuchukue mfano huu kama hati ya kumsamehe kila mtu. Alama ndogo za damu kwenye njia ya hewa huonekana kwa farasi wengi sana wa mbio, washindi wakiwamo. Vidonda vya tumbo ni hivyohivyo. Tatizo likipatikana, swali linalofuata ni moja: je, alikuwa nalo pia siku aliposhinda?

Hatua ya 3: Tazama video mara tatu, kila mara kwa jicho tofauti

Mara ya kwanza mtazame farasi wako peke yake. Alitokaje langoni? Alitulia lini? Alivuta hatamu akipigana na mpandaji katika mita mia chache za mwanzo? Tafuta mahali mpandaji alipoanza kumhimiza, uone ilichukua muda gani kabla ya farasi kuitika, au kama hakuitika kabisa. Farasi aliyeishiwa pumzi na farasi aliyefungiwa njia wanaweza kumaliza nafasi moja, lakini mita 400 za mwisho hazifanani hata kidogo.

Mara ya pili msahau. Tazama mbio zenyewe. Walioongoza walikwenda kasi gani, na waliishia wapi? Kama wote watatu waliokuwa mbele mwanzoni walimaliza mkiani, kasi ilikuwa ya kuua, na farasi wako aliyekuwa nao pale hana la kujibu. Kama walioongoza walijongea tu kisha wakakata mbio mwishoni, aliyekuwa nyuma alipewa kazi isiyowezekana. Hapo ndipo kesi ya Dancing Brave inaposomwa. Katika Derby ya Epsom ya mwaka 1986 aliachwa nyuma mno, akaja kwa kishindo mwishoni na kukosa ushindi kwa nusu urefu wa farasi nyuma ya mshindi, Shahrastani. Waliosema ndiye bora kati ya wawili hao hawakuhitaji huruma ya mtu, kwa sababu kasi yake ya mwisho ilionekana kwenye video. Mwaka huohuo alishinda mbio za King George na Prix de l'Arc de Triomphe (kwa kifupi Arc), na mara zote mbili Shahrastani alimaliza wa nne.

Mara ya tatu tumia kamera inayowatazama wakija, kama ipo. Hapo utaona kusukumana, na utaona nani alikwenda njia ya nje. Njia ya nje inapimika, msiiache iwe manung'uniko tu. Katika kona ya nusu duara, kila mita moja nje ya reli, yaani uzio wa ndani wa njia, humwongezea farasi takriban mita 3.14. Urefu wa farasi huhesabiwa kuwa kama mita 2.4. Kwa hiyo aliyezunguka mita tatu nje ya mshindi alikimbia zaidi kwa karibu mita tisa na nusu, yaani urefu wa farasi karibu wanne. Kama alishindwa kwa wawili, mna hoja. Kama alishindwa kwa kumi, kona haiwasaidii.

Hatua ya 4: Saa, uzito na ardhi

Saa ya jumla peke yake ni shahidi dhaifu, kwa sababu ardhi iliyolowa au upepo hubadilisha kila kitu. Ilinganishe na mbio nyingine za siku ileile kwenye njia ileile. Kwa makadirio, sekunde moja ni urefu wa farasi watano au sita.

Kuhusu uzito anaobebeshwa farasi, wapima uwezo wana kanuni ya zamani: katika mbio za mita 1,000 hivi, urefu mmoja ni sawa na pauni 3, kwenye maili moja ni kama pauni 2, kwenye mbio ndefu sana ni pauni 1. Kanuni hii ni ya kukadiria tu, lakini inazuia maneno ya hewani. Man o' War alishindwa mara moja tu katika mbio 21, mwaka 1919 huko Saratoga, kwa nusu urefu, na farasi aitwaye Upset. Man o' War alibeba pauni 130, Upset 115. Ukiongeza kwamba Man o' War alianza vibaya, huhitaji kubishana sana.

Ardhi ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi kuliko zote na kuthibitishwa kwa nadra kuliko zote. Usikubali "haipendi ardhi laini" kutoka katika mbio moja. Tafuta mbio nyingine mbili tatu za hali ileile, au angalau tazama mwendo wake: je, hatua zilifupika tangu mwanzo, au alichoka mwishoni kama farasi yeyote?

Hatua ya 5: Sasa pekueni ushindi wake

Hapa ndipo meza hukaa kimya. Mmetumia saa nzima kutafuta bahati mbaya katika mbio aliyoshindwa. Je, mliwahi kutafuta bahati njema katika zile alizoshinda?

Chukua ushindi wake mkubwa, ule uliowafanya mumwone bingwa, uupitishe katika hatua ya tatu na ya nne. Labda aliongoza peke yake kwa kasi ya polepole bila kuguswa na mtu. Labda alikuwa kwenye reli siku ambayo reli ndiyo ilikuwa njia ya haraka. Labda alibeba uzito mdogo, au wapinzani wake hawajashinda chochote tangu siku hiyo. Angalia hasa waliomaliza wa pili hadi wa tano: wamefanya nini baadaye? Mbio ambayo walioshindwa wanarudi kushinda kwingine ina uzito. Mbio ambayo wote wametoweka ilikuwa na kelele tu.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivi. Farasi huanza kuitwa bingwa baada ya siku yake bora kabisa, na siku bora huwa na mchango wa bahati. Mbio inayofuata, hata asipopungukiwa chochote, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya chini kidogo. Wengi huita huko kuporomoka. Mimi huita kurudi kwenye kiwango chake, na kiwango hicho kinaweza bado kuwa kizuri sana.

Ninachofanya ni kupanga mbio zake zote kwa alama, nzuri na mbaya, kisha naweka kando ile bora kabisa na ile mbaya kabisa. Zilizobaki katikati ndizo ninazoziamini zaidi. Kwa farasi mwenye mbio tatu tu njia hii haisaidii, na inabidi mkubali kwamba hammjui bado.

Hatua ya 6: Muulize mpandaji, lakini kwa mpangilio

Muulize alihisi nini kabla ya kumuuliza kwa nini. "Alikuwaje mlipofika kona?" huleta habari. "Unadhani ni ardhi?" huleta jibu la kukufurahisha. Kumbuka pia kwamba ana kazi ya kulinda, sawa na mkufunzi, sawa na mmiliki aliyetoa fedha. Si lazima awe anadanganya.

Hatua ya 7: Geuza sababu iwe utabiri

Kila sababu iliyobaki mezani iandikwe upya kama sentensi inayoweza kushindwa. "Alifungiwa njia" inakuwa: akipata njia wazi kwenye umbali uleule, atamaliza ndani ya urefu wa farasi wawili wa yule aliyemshinda. "Mgongo ulimsumbua" inakuwa: baada ya matibabu atarefusha hatua mazoezini, na ataitika anapohimizwa. Anayekataa kuandika sentensi ya namna hii hana sababu, ana matumaini.

Trêve ndiye darasa bora ninalolijua hapa. Alishinda Arc mwaka 2013, kisha mwaka 2014 akashindwa mara tatu mfululizo huku akisumbuliwa na mgongo na miguu. Wengi walimzika. Waliokuwa na sababu inayopimika walikuwa na kitu cha kusubiri kukiona, na Oktoba alishinda Arc tena.

Kwa mbio ijayo badilisheni kitu kimoja tu, kile ambacho sababu yenu inakitaja. Mkibadilisha umbali, mpandaji na vizibo vya macho kwa mpigo, akishinda hamtajua kilichomponya, na akishindwa mtakuwa na visingizio vitatu vipya. Sababu yenu ikitimizwa na bado akashindwa kwa namna ileile, shusheni alama yake siku hiyohiyo na mumtafutie mbio za daraja la chini yake. Akishinda, pandisheni kidogo, kisha mrudie hatua ya tano kwa ushindi huo mpya.