SOMO: Kuzuia joto na baridi kwenye ngazi za kukunja za darini

Wakuu, swali la namna ya kuzuia joto na baridi visipite kwenye ngazi hizi linarudi kila mara na nimechoka kulijibu vipande vipande. Someni lote kwanza, ndipo muulize.

Mlango wa ngazi hizi, ule ulio kwenye dari unaoshuka pamoja na ngazi, kwa kawaida ni plaiwudi nyembamba tu. Joto la darini linashukia hapo, na wakati wa baridi hewa ya moto ya ndani inapandia hapohapo. Ila adui mkubwa ni nyufa. Rundika kihami (kitu cha kuzuia joto lisipite, kama pamba ya kioo) utakavyo, hewa itapita pembeni. Tunaanza na nyufa.

1. Usiku washa taa ya darini, funga mlango, zima taa za chini. Panapopenya mwanga, hewa nayo inapita.

2. Bandua mbao za urembo zinazozunguka fremu. Utaona pengo kati ya fremu na boriti.

3. Jaza pengo kwa povu la kopo. Hapa ndipo kazi huharibika, someni taratibu. Nunua povu la madirisha na milango, linalotanuka kidogo. Lile la kujazia mashimo makubwa linasukuma fremu ikapinda, na likishakauka mlango haufungi tena. Utalikata lote kwa kisu uanze upya. Hata hilo la madirisha, puliza kidogo, subiri, ndipo uongeze. Mlango uwe umefungwa linapokauka. Lisiguse bawaba wala springi. Vaa glovu na miwani, fungua madirisha, na pasiwe na moto wowote karibu: gesi ya kopo inawaka.

4. Futa vumbi, bandika ufito wa mpira kwenye ukingo ambao mlango unakalia.

5. Springi zisipovuta mlango mpaka ubane, weka komeo.

6. Tengeneza sanduku la bodi za polistirini (povu gumu jepesi) zenye unene wa sentimita 5 la kufunikia ngazi kutoka juu. Pima kimo ngazi zikiwa zimekunjwa, hadi sehemu iliyochomoza zaidi. Mara nyingi ni mkono wa chuma, si kidato. Ongeza sentimita chache. Unganisha kwa gundi ya polistirini, ziba viungo kwa tepu ya aluminiamu, bandika mpira chini ya kuta. Usilipigilie, unapopanda unalisukuma kwa mkono.

MASWALI

— Mkuu, gundi gani? Ninayo ya viatu.
Hatua ya 6 imeitaja. Ya viatu itayeyusha bodi.

— Nimejaza pamba ya kioo juu ya ngazi, joto liko palepale. Somo lako halifanyi kazi.
Nyufa uliziba?
— Bado.
Basi somo hujalifanya. Rudi hatua ya 1.

— Kwa nini tusibandike bodi juu ya mlango wenyewe, tuachane na sanduku?
Swali zuri sana. Ngazi zikikunjwa zinalala karibu kabisa na plaiwudi, kwa hiyo bodi nene haipati nafasi. Uzito nao unaongezeka, wakati springi zimepimwa kwa mlango ulivyotoka kiwandani. Sanduku linafunika mlango, fremu na ngazi kwa pamoja.

— Darini kwangu kuna chembe nyepesi zinazong'aa kama vijiwe. Nizifagie ndipo nianze?
Usiziguse, tafadhali! Huenda ni vamikulaiti, madini yanayomwagwa darini kama kihami, na ile ya zamani nyingine ina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Funga mlango, mwite mtaalamu apime kwanza.

— Nyongeza: washa feni ya bafuni inayotoa hewa nje, pitisha kijiti cha udi ukingoni. Moshi ukiyumba, pana ufa.
Asante mdau, hii inashinda taa, maana inakamata hata nyufa zilizojipinda. Fanyeni tena baada ya hatua ya 5.

— Nami nikapima hivyo kwenye taa zilizozama darini, zinavuja. Nipulizie povu?
Hapana! Taa hizo hupata moto. Zilizoandikwa kuwa zinaweza kugusana na kihami ndizo za kufunika. Nyingine badilisha kabla hujaziba chochote.