Una sarafu za Mjerumani, sasa umerithi vitabu vya zamani: anza hivi

Jirani yangu wa Chumbageni, hapa Tanga, ni mtu wa sarafu. Anazo rupia za enzi ya Mjerumani, anazo heller zilizokuwa chenji yake, anayo hata heller 20 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Majuzi ameachiwa sanduku la vitabu vya babu yake, akataka kuvipanga kabati moja na albamu zake. Nikamwambia, subiri kwanza kaka. Haya ndiyo tuliyofanya.

1. Tenga vitabu. Visiingie ndani. Baraza yenye kivuli inatosha, juu ya meza, mbali na ukuta. Mchwa hupandia ukutani.

2. Tafuta umri wake. Hapa mtu wa sarafu ana mtaji kuliko wengine. Ukurasa wa mwaka umechanika? Angalia bei. Ukikuta heller, ujue si kabla ya 1904, kwa kuwa zamani rupia moja ilivunjwa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, ndipo Mjerumani akaleta heller 100. Shilingi za Afrika Mashariki zilikuja kuanzia 1921. Mhuri wenye Tanganyika kama jina la nchi hauwezi kuwa wa Mjerumani. Kitabu cha shule chenye idhini ya Kamati ya Lugha, ile iliyosanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, si cha kabla ya 1930, kamati ilipoundwa. Ila bei iliyoandikwa kwa kalamu inakwambia kiliuzwa lini tu, kuchapwa huenda kilichapwa miaka mingi nyuma.

Magazeti yaliyofungiwa vitabu msiyatupe! Gazeti la Kiongozi lilitolewa hapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali, kuanzia 1904. Mimi toleo moja lililochakaa nalitaka kuliko kopo zima la heller za shaba, ambazo zilitengenezwa kwa mamilioni.

3. Soma ukurasa wa kwanza wa vile vya Kiarabu. Ukikuta pameandikwa wakfu, hicho hakiuzwi wala hakinunuliwi. Ulizia msikiti au madrasa kilikotoka, ukirudishe. Kwangu hapa hakuna mjadala.

4. Ua wadudu. Hatua hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo watu wanairuka.

Gonga kitabu taratibu juu ya karatasi nyeusi. Ukidondoka unga laini wa rangi ya karatasi, na pembeni pana vitundu vya mviringo kama vya sindano, kuna kitu kinakula humo. Futa unga, kiache siku kadhaa, gonga tena. Ukitoka mwingine, vidudu wako hai.

Sasa usikianike juani. Jalada litapinda, wino utapauka, na vidudu watahamia katikati ya kitabu kwenye ubaridi. Usipulizie dawa ya mbu, inaacha madoa yasiyotoka. Mafuta ya taa ndiyo kabisa usiyalete karibu. Njia ninayoiamini ni friza.

Kitabu kiwe kikavu kwanza. Kifunge kwa kitambaa safi cha pamba, kitie kwenye mfuko mzito wenye zipu wa kuhifadhia chakula (rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata zingekuwepo zinavuja hewa), kamua hewa yote, funga. Friza ifike nyuzi 18 chini ya sifuri, na ubaki humo wiki mbili. Kale kachumba ka barafu ndani ya friji ya kawaida mara nyingi hakafiki huko. Weka kipimajoto, usikisie. Umeme ukikatika hadi barafu ikaanza kuyeyuka, hesabu inaanza upya, hata kama ulibakiza siku moja. Friza ya muuza samaki pia inafaa, mradi mfuko umefungwa sawasawa, la sivyo kitabu kitanukia vibua mpaka kwa wajukuu.

Ukikitoa, usifungue mfuko. Kiache siku nzima kipate joto la chumba humo humo. Ukiufungua kingali baridi, hewa yetu hii ya pwani inageuka maji juu ya jalada, na umejitengenezea ukungu kwa mkono wako.

Visivyoingia friza: picha za zamani zilizo juu ya kioo, na miswada ambayo wino wake unabanduka. Na jua kwamba baridi haiui ukungu, inaulaza tu. Ukungu mkavu uondoe nje kwa brashi laini, umevaa barakoa, upepo ukitokea mgongoni kwako.

5. Makabati mawili. Karatasi za zamani na mbao hutoa hewa inayoweza kuharibu sarafu, kwa hiyo vitabu huku, sarafu kule. Albamu za plastiki laini yenye harufu kali zitoe kabisa. Ndizo zinazoacha utelezi wa kijani kwenye shaba. Na sarafu zikishakuwa nyeusi, ziache hivyo hivyo. Ndimu, majivu, Brasso, vyote vinakula thamani.

6. Daftari. Jina, hali yake, kimetoka kwa nani. Namba iandikwe ndani ya jalada la nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo, na mihuri ya jina lako uliyochongesha, jirani, baki nayo mfukoni.