Kula kabla njaa haijabisha hodi
Ukiendesha baiskeli usiku kucha, usingoje tumbo lidai. Kuanzia saa nane hivi hamu ya kula hupungua, na hapo ndipo miguu huishiwa nguvu ghafla. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja kubwa ina kama 30. Mimi hutega kengele ya simu kila nusu saa: nang'ata kidogo, nashushia mafunda mawili ya maji. Beba na cha chumvi, maana vitamu hukinaisha. Mkate ukate vipande kabisa nyumbani, kwa sababu kuhangaika na pakiti gizani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, ni adhabu. Tyubu ya akiba, pampu, taa ya pili na koti jepesi viwe juu ya mkoba, si chini.